Wauza baiskeli wawapime wateja

Mhariri,

Vijana wa mbio wanaopita kwangu hapa Shinyanga huniuliza kama kuna haja ya kumlipa mtaalamu awapime na kuwarekebishia baiskeli. Anayekanyaga saa nne mfululizo, tena kwa viatu vya kunasa kwenye pedeli, namwambia alipe. Kiatu kikikaa upande milimita chache tu, goti litamwambia.

Mwenye baiskeli ya Phoenix ya kubebea mkaa hahitaji gharama hiyo. Kupima kimo cha kiti, panda, mwenzako akushikie, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo. Linalouma mbele, mara nyingi kiti kiko chini. Linalouma nyuma, kiko juu. Mikono ikifa ganzi, inua usukani.

Wanaonikera ni wauzaji. Wanashusha kiti mpaka mwisho ili mteja akanyage ardhi kwa miguu miwili, naye anaondoka anacheka. Baadaye analetwa kwangu na magoti yake, akilaumu mnyororo! Wampime kabla ya kupokea hela. Spana si wanazo?

Fundi baiskeli,
Shinyanga