Shukrani kwa ndugu wa Barabara ya Jogoo

Ndugu yangu uliyenikuta nikisukuma pikipiki yangu, Honda kuukuu ya silinda mbili, kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi, asante sana. Ilikuwa ikizimika kila nikirudisha choki (kile cha kuzidisha petroli injini ikiwa baridi), na plagi nilishabadilishiwa bila mafanikio. Wewe uliuliza kuhusu choki tu, ukasema jeti ndogo, vile vitundu vya kupitishia petroli ndani ya kabureta, zimeziba. Ukafunga mafuta, ukafungua kabureta zote mbili, ukanionyesha utando wa kahawia wa petroli iliyolala, unanuka vanishi. Jeti ukazizibua kwa uzi wa shaba uliochomoa kwenye waya wa umeme (chuma, ulisema, hupanua tundu), ukapuliza, ukaziinua juani hadi tukaona mwanga. Pesa ulikataa, soda ulikubali. Wenye bisibisi chini ya kiti, mkiona mtu anasukuma, simameni. Bisibisi yako ndogo ninayo, nitafute nikurudishie.