Barabara za kando ya maji zifungwe mvua ikizidi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niongee kuhusu hii tabia yetu ya kukasirika barabara ikifungwa. Kila mvua za Machi mpaka Mei zikija, na zile za Septemba kwenda Novemba, tunasikia lami imekatika sehemu fulani, malori yamepanga foleni, watu wamelala ndani ya magari na watoto, lakini mtu akithubutu kuweka kizuizi mapema, daraja likiwa bado liko mahali pake, tunampigia kelele eti anatuchelewesha. Mimi naendesha gari la abiria hapa Uganda, njia ya Kampala Masaka, saa nyingine nafika mpaka Mutukula mpakani na Tanzania, kwa hiyo haya mambo nayaona kila msimu. Na kipupwe kilichopita nilipata bahati ya kumtembelea dada yangu anayefanya kazi Cape Town, tukazunguka na gari ile pwani yao mvua ikinyesha, nikaona wenzetu wanafanyaje. Ndo maana nimeshika kalamu.

Kwanza watu waelewe, kule Juni mpaka Agosti ni baridi kweli kweli, na Cape mvua yao inakuja na hiyo hiyo baridi, tofauti na sehemu nyingi za Afrika Kusini ambako mvua ni ya wakati wa joto. Upepo unatoka baharini upande wa magharibi unasukuma mawingu, yanakuja kwa mafungu, hili likipita jua linawaka kidogo unafikiri imeisha, halafu fungu lingine hilo linaingia. Na mvua yenyewe haishuki moja kwa moja kama yetu, inakupiga ubavuni, wipa zinahangaika, gari dogo unalisikia linasukumwa. Ila watu wa kule hawailaani. Mwaka 2018 ukame uliwabana mpaka mji mzima ukawa unahesabu siku zimebaki ngapi kabla mabomba ya majumbani kukatwa, kwa hiyo leo mabwawa yakijaa ni furaha, hata kama safari imeharibika.

Sasa kuna barabara pale inaitwa Chapman's Peak, inatoka Hout Bay kwenda Noordhoek. Ni kilomita 9 tu lakini ina kona 114, imechimbwa ubavuni mwa mlima, upande mmoja jabali limekuinamia juu ya kichwa, upande wa pili kaukuta kafupi ka mawe, halafu huko chini Bahari ya Atlantiki inagonga miamba mpaka povu linaruka. Waliijenga kuanzia 1915 mpaka 1922, na wafungwa walifanyishwa kazi pale. Wahandisi waliufuata ule mstari ambapo mwamba mgumu wa granaiti unaishia na mawe ya mchanga yanaanza juu yake, kwa sababu yale ya juu yanachimbika na ule wa chini unabeba barabara. Hata kama hujasoma jiolojia unauona kwa macho ukisimama kwenye maegesho yao, chini jiwe moja la kijivu, juu yake matabaka ya rangi nyekundu na njano yamepangwa kama chapati kwenye sahani. Na hapo hapo ndo penye hatari, maana yale matabaka maji yanaingia kati yake, mawe yanalegea, yanashuka barabarani. Yaliua watu. Mwaka 2000 waliamua kuifunga kabisa na hawakuifungua mpaka Desemba 2003, baada ya kufunga nyavu za chuma mlimani za kudaka mawe, kuchonga sehemu ambapo mwamba wenyewe umekuwa paa la barabara, na kuweka geti la kulipia ili pesa ya kuitunza ipatikane.

Sisi tulifika pale getini asubuhi, mvua ya usiku kucha ikiwa bado inaendelea. Bango la taa limeandikwa imefungwa, kizuizi kimeshuka, na jamaa mmoja kwenye koti la mvua amesimama anaonyesha magari yageuze. Hakuna aliyepiga honi. Hakuna aliyeshuka kumpa kitu kidogo apitishwe. Gari la mbele yetu lilikuwa na watalii, lile la nyuma fundi na ngazi zake juu ya pikapu, wote wakageuza tu. Nikashusha kioo nikamuuliza yule jamaa ni jiwe gani limeanguka, akanijibu hakuna lililoanguka, wanafunga kabla. Dada akageuza, tukapitia Constantia Nek, tukapanda barabara nyingine inaitwa Ou Kaapse Weg, tukashukia Noordhoek upande wa pili, tumechelewa kiasi lakini tumefika na chai bado ya moto kwenye chupa. Mvua ilipokata tukarudi tukapita ile ya mlimani, na nyuma ya zile nyavu nikaona mawe mapya, mengine makubwa kuliko kichwa cha mtu, udongo wake bado mbichi. Mimi kama dereva nilisimama nikayaangalia sana yale mawe.

Tuliendelea mbele siku nyingine, kutoka Gordon's Bay barabara inafuata bahari mpaka Rooi-Els, halafu Betty's Bay ambako wale ndege wao pengwini wanasimama mvuani bila wasiwasi, halafu Hermanus ambako kuanzia Juni hivi nyangumi wanasogea karibu na nchi kavu kiasi kwamba unawaona ukiwa umesimama juu ya mwamba, huhitaji boti. Ni kuzuri, Mhariri, sitaki kuongeza chumvi. Lakini nilichobeba kichwani kurudi nacho Masaka ni lile geti. Na wala sisemi wenzetu hawapatwi, Septemba 2023 mvua kubwa ilikata barabara nyingi sana za jimbo lile la Western Cape, maji hayamwogopi mtu. Tofauti ni kwamba pale mtu anayeangalia mvua ndo huyo huyo mwenye ruhusa ya kushusha kizuizi, na akikishusha watu wanamsikia.

Turudi kwetu. Hatuna bahari lakini ziwa tunalo, na hii njia ya Masaka ukishapita Kayabwe pale pa ikweta, ukaingia Lwera, uko kwenye bwawa la papyrus, yaani kinamasi cha mafunjo, kushoto na kulia na Ziwa Victoria liko hapo pembeni. Jua likitua baada ya mvua ile sehemu inapendeza, abiria wanatoa simu wanapiga picha, na wauza samaki wako pembeni wanainua samaki wao magari yakipita. Lakini usiku wa mvua ya Aprili ni habari nyingine kabisa. Maji yanapanda mpaka yanalamba ukingo wa lami, mstari mweupe huuoni, unachofuata ni taa nyekundu za trela iliyo mbele yako na unaomba dereva wake awe anajua njia, maana akitoka na wewe umetoka. Ukifika Lukaya ukiwa salama wale vijana wanakuja mbio na gonja, zile ndizi za kuchoma, na nyama ya mishikaki na kuku, wamejifunika kaveera, mifuko ya plastiki, kichwani, wananing'inia dirishani na mvua inawachapa, na huwa nawanunulia hata kama nimeshiba.

Mei 2023 sote tunakumbuka. Mto Katonga ulijaa ukala kingo za daraja, njia kuu ya kwenda Masaka, Mbarara, Kabale, Kigali, Bukoba ikakatika, magari yakapelekwa kuzunguka Mpigi, Kanoni, Sembabule mpaka Villa Maria. Safari za saa mbili na nusu zikawa za nusu siku, nauli zikapanda, nyanya zikaozea kwenye magunia. Na mto haukuja ghafla, mvua zilikuwa zinanyesha wiki nzima na wakazi wa Lwera walikuwa wanasema maji yamebadilika. Wengine wanasema ni uchimbaji wa mchanga, wengine kilimo cha mpunga ndani ya bwawa, mimi naona vyote viangaliwe, lakini hata leo vikisimama vyote mvua haitasimama. Wazee wanakumbuka ziwa lilivyopanda 1964, na sisi tukaliona likipanda hivyo hivyo 2020, fukwe zikamezwa, nyumba za wavuvi zikaingia majini. Kasese mto Nyamwamba ulifurika 2013, ukafurika tena 2020. Novemba 2024 njia ya Pakwach ikafunikwa na maji pale Tangi, wiki hiyo hiyo milima ya Bulambuli ikaporomoka juu ya watu. Haya mambo yanarudi, hayatushtukizi tena.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Sehemu zinazojulikana, Lwera na Katonga, kona za kushuka Bundibugyo, za Kapchorwa, na hii lami ya kutoka Hoima kushuka bonde la Ziwa Albert kwenda Kaiso Tonya ambayo watu sasa wanaenda kutalii na kupiga picha, kuwe na kizuizi cha kudumu, kipimo cha maji au cha mvua kinachoeleweka, na mtu mmoja pale pale mwenye mamlaka ya kufunga bila kusubiri simu ya mkubwa kutoka Kampala. Alama iwekwe kwenye nguzo ya daraja kwa rangi nyekundu ambayo hata taniboi, utingo wa lori, anaiona: maji yakifika hapa, geti linashuka. Basi. Isiwe mambo ya kubembelezana na dereva mwenye haraka.

Najua watakaonijibu watasema Chapman's Peak ni barabara ya watalii na ina njia mbadala karibu, Masaka ndo mshipa wa nchi, ukiifunga umefunga biashara. Ni kweli, na mimi mwenyewe siku nisipoendesha sili. Lakini hiyo ni sababu ya kuitunza njia ya Kanoni na Sembabule wakati wa kiangazi, mashimo yazibwe, alama ziwekwe, madaraja yake madogo yakaguliwe kabla ya Machi, ili siku geti la Katonga likishuka malori yajue pa kwenda. Tusisubiri mpaka daraja liondoke ndo greda lionekane. Kuhusu mgonjwa anayekimbizwa hospitali, hilo linaniuma, maana nimeshawahi kumbeba mama mjamzito usiku wa mvua tukakwama kwenye foleni karibu na Lukaya mpaka akina mama wengine ndani ya gari wakamzalisha wao, mtoto yuko hai namshukuru Mungu. Lakini tulikwama kwa sababu hakuna aliyetuambia tukiwa bado nyuma huko. Tungejua tukiwa mjini tungempeleka upande mwingine.

Na hapo kwenye kuambiwa nina neno la mwisho. Matangazo ya barabara yanakuja kwa Kiingereza kwenye simu, na kwa Luganda kwenye redio. Sasa angalia nani yuko barabarani usiku: trela za kutoka Mombasa zinazoenda Kigali, Goma, Bukavu, madereva Wakenya, Watanzania, Wakongomani, Wanyarwanda, na lugha yao ya kazi ni Kiswahili. Hapo Lukaya na Lyantonde wanapolala utasikia Kiswahili tu usiku kucha. Huyu mtu akiambiwa kwa lugha asiyoijua kwamba Lwera imejaa, hajaambiwa. Redio za Masaka, Mbarara na Kampala zitangaze kwa Kiswahili pia, dakika moja inatosha, barabara gani iko wazi, gani imefungwa, upite wapi, na itangazwe jioni kabla mabasi ya Kigali na Bukoba hayajatoka stendi.

Msomaji wenu, dereva,
Nyendo, Masaka