Mbio za farasi za Derby zimeangukia siku ya wakwe zangu, nifanyeje?

Kwako Shangazi,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mwanamume wa miaka 45, fundi wa umeme, naishi Dagoretti na mke wangu na watoto wetu wawili. Nimesoma majibu unayowapa wenzangu kwa muda mrefu na sikudhani siku moja ningekuandikia. Nakuandikia usiku, nyumba nzima imelala. Tangu Jumapili iliyopita mke wangu hanisemeshi ila kwa jambo la lazima. "Chakula kiko mezani." "Gesi imeisha." Basi.

Chanzo ni mbio za farasi pale uwanja wa Ngong Road. Najua ukisikia mtu anabeti, mawazo yanakwenda kwa simu na mechi za Ulaya. Mimi sibeti mpira, wala sijawahi kuingia kasino. Mimi ni wa farasi tu, tena farasi wa hapa hapa Nairobi.

Ili unielewe, lazima nikutajie marehemu baba yangu. Baba alikuwa saisi. Aliajiriwa kwenye mazizi mwaka 1973 akiwa kijana, na kazi yake ilikuwa kuamka saa kumi alfajiri, kuzoa samadi, kulisha farasi, kumpiga brashi, na kumtembeza baada ya mazoezi mpaka jasho limkauke. Nilipofikisha miaka tisa alianza kunichukua siku za mbio. Alikuwa akinisimamisha kando ya ule ua wanapozungushwa farasi kabla ya kuingia uwanjani, mkono wake begani mwangu, ananiambia nisiangalie rangi wala jina. Angalia mguu wa nyuma, alikuwa akisema. Farasi anayetembea vizuri, ukwato wa nyuma unapita alama iliyoachwa na ule wa mbele. Angalia shingo: akishaanza kutoka povu kabla hata hajapandwa, huyo nguvu zake zimeishia pale pale. Angalia masikio kama yanasikiliza au yamelala. Yeye ndiye aliyenisimulia kwamba zamani mbio zilikuwa upande wa Kariokor, zikahamia Ngong Road mwaka 1954, na kwamba ndiyo sababu kule mjini kuna barabara inaitwa Racecourse Road wakati hakuna hata punda. Baba alifariki mwaka 2014. Nikisimama kando ya ua ule bado nausikia ule mkono begani.

Sasa nikueleze Jumapili yangu ilivyo. Jumamosi jioni napata orodha ya farasi watakaokimbia. Nakaa nayo mezani na kalamu: huyu amebebeshwa kilo ngapi, mbio ni za mita ngapi, mara ya mwisho alimaliza wa ngapi na nani yuko mgongoni. Jumapili tunaenda ibada ya kwanza pamoja, kisha mimi naondoka. Dau langu ni shilingi 100 au 200 kwa mbio moja, na siku nzima sipitishi 1,100. Ninaandika kila kitu kwenye daftari. Msimu huu nimekwenda siku 17. Nimeweka shilingi 17,900, nimerudishiwa 11,650. Nimepoteza 6,250, karibu shilingi 370 kwa siku, na ninazitoa kwenye pesa zangu za mfukoni baada ya karo na kodi ya nyumba kulipwa. Nilimwonyesha mke wangu daftari hilo nikitumaini litamtuliza. Alilifunga bila kulisoma akaniambia, "Baba Wanjiku, mimi sijakuuliza pesa."

Na hapo ndipo aliponishika, Shangazi, kwa sababu kinachokwenda ni siku yenyewe. Mbio moja huisha kwa dakika moja, au mbili na nusu ikiwa ndefu, lakini kati ya mbio na mbio ni karibu nusu saa, na zinaweza kuwa saba kwa siku. Mke wangu huuliza kwa nini nisiweke dau langu mapema nirudi nyumbani. Nimejaribu kumweleza kwamba toti, yaani kubeti kwa pale uwanjani, haifanyi kazi hivyo. Pesa za wote waliobeti zinaingia kapu moja, uwanja unakata fungu lake, kinachobaki ndicho wanachogawana walioshinda. Kwa hiyo malipo yanabadilika mpaka farasi watoke. Ukiweka mapema, halafu watu wakamkimbilia farasi yule yule, unaambulia senti. Na hata malipo yangekuwa hayabadiliki, nitamchagua vipi farasi sijamwona akitembea? Alichonifundisha baba ni kutazama, na kutazama kunataka niwe pale kwenye ua kila baada ya nusu saa, kuanzia saa saba mchana hadi jioni. Nikirudi nyumbani watoto wameshaoga na mke wangu anapiga pasi sare za shule.

Polepole nimejikuta napanga mambo ya nyumbani kwa kufuata ratiba ya farasi. Mgeni akisema atakuja Jumapili ya tarehe fulani, kabla ya kusema karibu nishaanza kuhesabu kichwani kama kuna mbio. Sherehe ya kuzaliwa ya kijana wetu nimeisogeza hadi Jumamosi miaka miwili mfululizo. Hayo niliyaona madogo.

Lililo kubwa ni hili. Binti yetu yuko Kidato cha Tatu, shule ya bweni. Muhula uliopita siku ya wazazi kuwatembelea iliangukia Jumapili ya mbio. Nikamwambia mke wangu kwamba kuna mteja Karen ambaye nyumba yake nzima haina umeme na siwezi kumwacha. Akaenda peke yake na matatu mbili, amebeba chapati na kuku kwenye kikapu. Jioni binti akapiga simu ya shule. Hakulalamika hata kidogo. Aliniuliza, "Baba, taa za yule mteja ziliwaka?" Nikamjibu ziliwaka. Akasema, "Nimefurahi, pole na kazi." Mikononi nilikuwa na tiketi mbili za toti.

Siku ya tatu mke wangu alizikuta tiketi hizo kwenye mfuko wa suruali yangu akifua. Tarehe iko pale pale kwenye tiketi. Alizikausha juani, akaziweka juu ya daftari langu, na hakusema neno. Hajamwambia mtoto. Wala mimi sijamwambia.

Baada ya hapo niliapa kwamba nitakwenda kuwatazama farasi tu, nisiweke hata shilingi. Mbona watu wengi huja pale na familia zao, wanatandika shuka kwenye nyasi, wanakula nyama choma, watoto wanacheza, na hawagusi dirisha la toti? Nikaenda na nauli na pesa ya soda. Mbio za kwanza zikapita vizuri, za pili pia. Za tatu nikamwona kwenye ua farasi jike mmoja wa rangi ya kahawia, ametulia, masikio mbele, anatembea vile baba alivyokuwa akisema. Watu hawakuwa na habari naye. Akashinda, akalipa vizuri sana. Shangazi, badala ya kufurahi kwamba jicho langu halikukosea, nilihisi kama mtu amenipokonya kitu changu. Mbio za nne nikamkopa jamaa ninayekaa naye jukwaani shilingi 500. Sijawahi kukopa pesa ya kubeti maishani mwangu. Usiku ule sikulala. Nilijiuliza kama ninachokipenda ni farasi au ni ile tiketi, na jibu sikulipata.

Tuje kwa Jumapili iliyopita. Kijana wetu ana miaka 12, na amekuwa akiniomba tuende naye. Nilidhani nikimchukua nitakuwa nimepatanisha mambo mawili, niwe na familia na niwe na farasi. Nikamsimamisha kando ya ua pale pale nilipokuwa nasimamishwa mimi, nikaweka mkono begani mwake, nikamwonyesha mguu wa nyuma. Mara ya kwanza hakuelewa. Mbio za tatu akanivuta shati: "Baba, namba tano anakanyaga mbele." Nikatazama, ni kweli. Machozi yalinilenga, maana babu yake hakuwahi kumpakata akiwa na fahamu. Kabla sijasema kitu akaniuliza, "Tumwekee ngapi?"

Nilimwambia watoto hawabeti, sheria inataka mtu awe na miaka 18. Lakini niliiweka mimi, shilingi 200, yeye akinitazama. Namba tano akaja wa kwanza. Kijana aliruka mpaka kofia ikamwanguka. Tukafika nyumbani, kabla hajavua viatu akamwambia mama yake, "Mama, tumekula mia tisa!"

Mke wangu aliweka mwiko chini. Akaniambia Jumapili zangu nimeshazichukua, hilo alikwisha kubali, lakini mtoto sitamchukua. Amezaliwa na kulelewa Murang'a, na mjomba wake aliuza shamba la chai kipande kwa kipande kwa sababu ya karata. Siwezi kumwambia anaogopa bure.

Na sasa mwezi ujao wakwe zangu wanatimiza miaka 50 ya ndoa. Kuna ibada ya baraka kanisani kwao, kisha chakula nyumbani, na watoto wote na wakwe wote wanatakiwa. Siku hiyo hiyo, Shangazi, ndiyo Derby ya Kenya. Farasi wa miaka mitatu, mita 2,400, mbio kubwa ya mwaka. Yule jike wa kahawia niliyekueleza ameandikishwa, na anayemtunza ni mzee aliyefanya kazi na baba yangu zizi moja. Alinipigia simu mwenyewe kunialika. Alisema, "Baba yako angesimama na mimi siku hiyo. Njoo usimame mahali pake." Mzee huyo anastaafu mwishoni mwa msimu huu.

Nimeshajikuta napiga hesabu. Ibada saa nne, itaisha saa saba. Kutoka Murang'a hadi Nairobi kwa barabara ya Thika ikiwa haina msongamano, kisha nivuke mji hadi Ngong Road, naweza kufika kabla ya Derby. Nitawaacha wakati chakula kinapakuliwa. Nilikuwa nimeshaanza kutunga jina la mteja na mtaa anaokaa, ndipo nikaikumbuka ile simu ya binti yangu, nikaona aibu.

Naomba unishauri kama mama wa nyumba na kama mtu mzima. Je, nimwambie mke wangu wazi kwamba nimealikwa na mzee na nimwachie yeye aamue, au kumwambia tu ni kumtwika mzigo ambao ni wangu? Nimkatae mzee vipi bila kumvunja moyo, ikiwa ni kukataa? Kijana ameniuliza mara mbili tutarudi lini, na natamani sana arithi lile jicho la babu yake, ila sijui namna ya kumpa jicho bila kumpa tiketi. Na binti yetu atafunga shule wiki mbili zijazo. Nimwambie kuhusu yule mteja wa Karen?

Sare ya kitenge ya siku ya baraka imeshashonwa. Mke wangu aliileta jana kutoka kwa fundi, akaitundika upande wangu wa kabati, na akaacha mlango wazi.

Ni mimi,
Baba Wanjiku,
Dagoretti