Tonamenti za Naivasha: tupime blakbasi kwa rula, mizani tuachie soko

Mhariri, habari ya kazi. Gazeti lenu nalinunua kila Jumamosi alfajiri pale stage nikingoja matatu ya Naivasha ijae, na kabla hatujafika Kinungi huwa nishamaliza kurasa zote za michezo. Mpira uko, riadha iko, raga iko, hayo yote sawa. Leo naomba nafasi niongee juu ya mchezo ambao watu wengi hapa Nairobi hata hawajui uko karibu nao hivyo, kuvua blakbasi (yule samaki mwindaji anayeitwa black bass kwa Kiingereza) kwa rodi, yaani fimbo ya kuvulia, Ziwa Naivasha, na hasa hizi tonamenti ndogo za kirafiki ambazo tumekuwa tukifanya huko wikendi. Nazipenda sana hizo tonamenti, na kuna kitu tunakosea ndani yake ambacho kimeniuma mwaka mzima.

Mwaka jana nilialikwa kwa moja, waandaaji sitawataja, walikuwa watu wazuri na nia yao ilikuwa safi. Tulikuwa boti 9, kila boti wavuvi wawili na kapteni wake, mchango kidogo wa mafuta na nyama choma, mshindi anabeba kombe. Sheria ilikuwa ile ya kawaida, kila boti ilete samaki wake 5 wazito kwa mizani ufuoni kufikia saa saba mchana. Sasa hizi boti zetu za kukodisha hazina tangi la maji lenye pampu, kwa hivyo watu walibeba samaki kwa ndoo za rangi za lita 20, wengine kwa gunia lililoloweshwa, mmoja kwa kuler ya soda. Blakbasi aliyeshikwa saa moja asubuhi anakaa ndani ya ndoo masaa sita, na jua la Naivasha linakudanganya kwa sababu upepo ni baridi lakini maji ya ndoo yanapata moto tu, na maji yakipata moto hewa iliyo ndani yake inapungua, samaki anaanza kuhema juu juu, baadaye analala ubavu.

Tukapima, tukapiga makofi, picha zikapigwa, halafu mtu akasema haya sasa tuwarudishe majini. Niliingia mpaka magotini nikiwa na mmoja wa kama kilo moja na nusu, nikamshikilia tumbo taratibu mdomo ukiangalia mbele ili maji yapite kwenye matamvua, nikamwachilia, akapinduka tumbo juu. Nikamshika tena. Nilikaa naye hapo karibu dakika 20 mpaka miguu ikafa ganzi, hakuamka. Nikaangalia kando yangu nikaanza kuhesabu wale walioelea kwenye magugu, nikafika 23, na korongo walikuwa wameshashuka wanangoja tutoke. Hao hawakwenda sokoni wala hakuna aliyewapika, maana tulikuwa tumeshasema tunawarudisha.

Kuna mzee wa pale Kamere, ufuo wa wavuvi kando ya ziwa, alikuwa amesimama anatuangalia, mvuvi wa nyavu wa miaka mingi, akaniambia, "Kijana wangu, samaki ukitaka kumla mle, ukitaka kumwacha mwache. Hii yenu ni ya tatu, sijaielewa." Sikuwa na jibu, nikamwambia tu samahani mzee.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiuliza wenzangu mbona tusipime kwa urefu. Huyu samaki alikotoka, Marekani, walipitia shida hii hii kitambo. Jamaa mmoja anayeitwa Ray Scott aliandaa tonamenti yake ya kwanza kubwa 1967 pale Beaver Lake, jimbo la Arkansas, watu 106 wakaja, mchezo ukashika moto nchi nzima, na lawama nazo zikaja kwamba samaki wanauawa ovyo. 1972 akaanza kampeni ya kuwarudisha wakiwa hai, boti zikaanza kuwekwa matangi yenye pampu, na mpaka leo ukileta samaki amekufa kwa mizani yao unakatwa uzito. Hiyo ni njia ya watu wenye boti za pesa nyingi. Lakini huko huko kuna wale wa kayaki, vile vimtumbwi vya kupiga kasia, ambao hawana pahali pa kuweka tangi kama vile sisi hatuna, na wao walikuja na njia rahisi kabisa: ubao wenye rula, simu ya kupiga picha, samaki anarudi majini pale pale aliposhikwa.

Tumeijaribu njia hiyo mara tatu mwaka huu na marafiki, watu wachache tu, na inafanya kazi. Ubao tulichongesha kwa fundi wa mbao hapa mtaani, una kizuizi upande mmoja ambapo mdomo wa samaki unagusa ukiwa umefungwa, rula ya plastiki imebandikwa juu, halafu tukapaka rangi nyeupe kwa sababu ubao mweusi ukikaa juani unamchoma samaki. Unaumwagia maji kwanza. Mikono pia unalowesha, kwa sababu ule utelezi wa ngozi yake ndio unamkinga na magonjwa, ukimshika na mikono mikavu au na taulo unautoa. Asubuhi ya tonamenti tunatoa kadi yenye namba ambayo hakuna aliyeijua jana yake, kila boti moja, na kadi lazima ionekane kwenye picha kando ya samaki, hivyo hakuna mtu wa kuleta picha ya mwezi jana. Samaki 5 warefu zaidi wa kila boti tunajumlisha sentimita, mwenye nyingi ameshinda. Kutoka kutoa ndoano mpaka samaki kuingia majini tunajaribu isipite dakika moja, na kama mkia bado unachapa sawasawa anaondoka mwenyewe kwa kishindo anakurushia maji usoni. Kile kijino cha ndoano kilichogeuka nyuma tunakibana kabisa kwa plaizi kabla ya kuanza. Ndio, wengine wanatoroka. Sawa tu.

Kitu ambacho sikukitarajia ni vile rula imetuondolea haraka. Ile ya mizani, saa sita na nusu boti zote 9 zilikuwa zinakimbia kutoka kona zote za ziwa kurudi pahali pamoja, na kila mtu wa Naivasha anajua mchana ndio upepo unaamka, ziwa ambalo asubuhi lilikuwa kioo linageuka mawimbi ya kuingia ndani ya boti. Halafu kuna viboko, ambao wanakaa kwa maji ya kina kifupi karibu na mafunjo pale pale boti ikikimbia inapenda kukata kona. Siku ile kapteni wetu alizima injini ghafla kwa sababu kichwa kilitokea mbele yetu kama mita 15, na mwenzangu hakuwa amevaa jaketi la kuokoa maisha, alikuwa amelikalia. Sasa tunamaliza saa tano, kila boti inarudi kwa wakati wake polepole, picha ziko kwa simu tayari, na jaketi ni la kuvaa, asiyevaa hahesabiwi samaki wake.

Naomba nirudi kwa yule mzee wa Kamere, kwa sababu swali lake lina upande wa pili. Kuna watu wataniambia samaki ni chakula, Naivasha kuna watu hawajala, na nyinyi wa Nairobi mnamshika mnampiga picha mnamwachilia. Hilo nimelifikiria sana. Samaki aliyelisha watu Naivasha miaka mingi ni kapu (carp), yule mwenye magamba makubwa, ambaye alianza kuonekana ziwani 2001, na ndani ya miaka kumi hivi akawa ndiye anayejaza nyavu na meza za Karagita, mtaa ulio kando ya ziwa. Mwaka huo huo wa 2001 uvuvi ulikuwa umefungwa mwaka mzima kwa sababu samaki walikuwa wameisha kwa kuvuliwa kupita kiasi. Kapu anazaa sana na anakua haraka. Blakbasi ni mwindaji, anakula samaki wadogo na wale kamba wekundu wenye asili ya Louisiana, Marekani, walioletwa ziwani 1970, na mwindaji popote pale huwa wachache kuliko wanaowindwa. Dume ndiye anayefagia kiota kwenye maji ya kina kifupi, analinda mayai na baadaye watoto, na ukimtoa hapo hata kwa muda mfupi mayai yanaliwa. Kwa hivyo ukimuona amekaa pahali pamoja kwenye maji meupe anazunguka hataki kuondoka, mpite, tafuta mwingine. Mvuvi wa nyavu akimpata blakbasi amle au amuuze, hiyo ni riziki yake na sina neno. Mimi naongea na sisi tuliokuja kucheza, na tukitaka kula pale Karagita kapu wa kukaangwa yuko, tununue kwa wale akina mama.

Wengine wananiambia blakbasi mwenyewe ni mgeni, aliletwa na wazungu 1929 kwa ajili ya mchezo wao, akiisha aishe. Lakini tilapia wa Naivasha pia waliletwa, kamba waliletwa, kapu naye mgeni. Samaki pekee aliyekuwa wa ziwa hilo tangu mwanzo alikuwa kadogo tu kama kidole, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962. Sasa tukianza kuuliza nani alikuja lini tutabaki na maji matupu.

Na maji yenyewe siku hizi ni mengi ajabu. Ziwa limepanda, watu wa mtaa wa Kihoto nyumba zimeingia maji wakahama, na hilo ni jambo la huzuni ambalo sitaki kulipita tu kwa sababu nimeona paa za nyumba nikiwa ndani ya boti na siwezi kusahau. Migunga iliyokuwa nchi kavu imesimama ndani ya ziwa imekufa, myeupe, ndege wamejaa juu. Chini ya hiyo migunga ndipo blakbasi amejificha. Unatupa chambo cha mnyoo wa plastiki karibu na shina, unauacha uzame, unahesabu, na unaangalia laini (uzi wa rodi). Haivutwi kwa nguvu kama watu wanavyofikiria, inasogea kando tu kidogo kama imeguswa na upepo, na hapo ndipo unaikaza na rodi inapinda mpaka majini, halafu anaruka, mdomo wazi kabisa, anatikisa kichwa. Nimeona mtu mzima wa miaka 60, mhasibu mstaafu, akipiga kelele kama mtoto. Ni kama kilomita 90 kutoka town, Mhariri, na kuna watu wamezaliwa Nairobi wakazeekea hapa hawajawahi kuona hiyo.

Jambo lingine ambalo tonamenti zetu zinakosa ni makapteni. Hawa vijana wa boti ndio wanajua ziwa, wanajua mti gani una samaki wiki hii na kiboko mwenye mtoto yuko wapi, lakini siku ya tonamenti wanakaa nyuma na usukani, mwisho wa siku kombe linarudi Nairobi na wao wanalipwa za mafuta na asante. Mara ya tatu tuliyofanya sisi tuliweka sheria kapteni naye anavua, sentimita zake zinaingia kwa za boti, na zawadi inagawanywa watatu sawa. Boti iliyoshinda, samaki wawili kati ya wale watano walikuwa wa kapteni, mmoja sentimita 47. Alikuwa anavua kwa rodi ya kuazima, na alipomrudisha yule samaki majini aliinama akamwangalia mpaka akapotea, ndio akasimama. Siku hizi ananipigia simu katikati ya wiki kuniambia maji yako vipi.

Ninachoomba kwa waandaaji wote wa hizi tonamenti, wa Naivasha na hata kama kuna wanaopanga kwingine, ni hayo tu: wachongeshe ubao, waweke kadi, wamalize kabla upepo haujaamka, na kapteni ahesabiwe. Leseni ya kuvua kila mtu akate mapema, isiwe kukimbizana ufuoni asubuhi. Ubao wetu yeyote anayetaka kuuona au kuchukua vipimo vyake aje, hatuuzi.

Na kwa dawati lenu la michezo, tutakuwa Kamere Jumamosi ya mwisho wa mwezi, boti zinatoka saa kumi na mbili na nusu. Nafasi ya mwandishi mmoja na mpiga picha tumeiacha wazi kwenye boti ya kwanza, na majaketi mawili yako.

Mvuvi wa wikendi,
Kahawa West, Nairobi