Gari langu, mziki anachagua abiria. Nimwambieje?

Anti shikamoo, na wasomaji wenzangu hamjambo. Mimi naishi Mbezi Mwisho, kazini Posta, nina ka-IST kangu na asubuhi nabeba wenzangu wawili wa ofisini, mama mmoja mtu mzima anapandia Temboni na kijana mmoja wa Kimara Mwisho. Kila mtu ananichangia mafuta elfu 15 kwa wiki, hapo hatuna shida.

Shida ni mziki. Siku ya kwanza kijana aliniomba achaji simu, kumbe kaiunganisha na redio kwa blutuuthi, toka siku hiyo akifungua tu mlango hata salamu hajamaliza singeli hiyo, saa 12 kasoro asubuhi, sauti mpaka milango inatetemeka. Singeli siichukii jamani, nimekulia Manzese, kwenye shughuli huwa sikai chini, ila foleni ya Ubungo bodaboda zinapita huku na huku zinakwangua vioo nataka nisikie honi. Na zile za matusi ndo zinaniua kabisa, yule mama nimetoka kumwamkia shikamoo sasa hivi halafu dakika mbili mbele tunatajiwa viungo vya watu. Hasemi kitu, anavuta mtandio masikioni anageukia dirishani.

Nikaleta wazo la zamu. Zamu ya mama akaomba kaswida, sauti ya chini kabisa, kijana akatoa earphone mfukoni akavaa akanuna mpaka Posta. Yaani kumbe anazo!

Sasa Jumatano tuko Magomeni singeli ikakatika, ikaingia voisi ya mwanamke, gari zima tunasikia anaulizwa hela ya kodi ameipeleka wapi na leo usirudi kama huna. Kijana anaitafuta simu imedondokea chini ya siti, voisi inaendelea tu, mimi nimekazana na usukani najifanya naangalia taa. Mama huko nyuma akacheka mpaka akakohoa. Kushuka, kijana kanigeuzia kibao mimi, eti dada ungepunguza sauti, nikamwambia mdogo wangu kwani hiyo simu ni yangu, akanijibu na mimi si nachangia mafuta.

Hapo ndo nimekwama. Hivi anayechangia mafuta anakuwa na haki na redio? Daladala konda anaweka anachotaka na nauli tunalipa na tunanyamaza. Ila nikimkazia ataenda kusema ofisini najisikia kwa sababu ya ka-IST, na kusema ukweli elfu 15 yake nikiikosa nitaisikia. Nimwambie mbele ya mama au nimvute pembeni? Au niifute simu yake kimya kimya nijifanye redio imeharibika? Na kama ni kufuta, anayejua hizi redio anielekeze basi, maandishi yote Kijapani, juzi nimebonyeza bonyeza nikaishia kubadilisha saa.