Barua ya wazi kwa vijana wa midahalo: Hayo Socrates ameyasema wapi?

Wajukuu zangu wa midahalo,

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Nawasalimu kwa ufupi kwa sababu nina kero, na kero ya mzee ikilala sana kifuani hugeuka ugonjwa wa presha.

Juzi nilialikwa kuwa mmoja wa majaji katika fainali yenu. Mada ilikuwa nzuri kweli: nchi iongozwe na wengi au na wenye maarifa? Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, angeikimbilia. Mzungumzaji wa kwanza akapanda na Socrates. Wa pili akamjibu kwa Aristotle. Wa tatu akatuletea Socrates mwingine, tofauti kabisa na yule wa kwanza. Binti mmoja wa viti vya nyuma akaomba mwongozo, akauliza: "Hayo Aristotle ameyasema wapi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti akamwambia akae chini asipoteze muda, na kikombe kikaenda kwa aliyetaja majina mengi.

Nilitoa alama zangu nikaondoka bila kula pilau. Katika ukumbi ule mzima, binti yule ndiye peke yake aliyefanya falsafa siku hiyo.

Tuanze na hizo nukuu zenu. Ile ya kwamba vijana wa siku hizi wanapenda anasa, hawana adabu na hawainuki wakubwa wakiingia, si ya Socrates. Iliandikwa na mwanafunzi wa Cambridge, Kenneth John Freeman, katika tasnifu iliyochapishwa mwaka 1907, akifupisha kwa maneno yake mwenyewe malalamiko ya Wagiriki wa kale juu ya watoto wao. Hii tunaipenda zaidi sisi wazee, tunaipiga kwenye kila mahafali, kwa hiyo bakora ya leo inatupata na sisi. Ile ya kwamba sisi ni yale tunayoyatenda kila mara, mnayompa Aristotle, ni ya Mmarekani Will Durant, mwaka 1926, akimweleza Aristotle. Na ile inayosema siri ya mabadiliko ni kuelekeza nguvu zako zote kujenga jipya badala ya kupigana na la zamani? Ni kweli ni ya Socrates, ila Socrates huyo ni mhudumu wa kituo cha mafuta katika kitabu cha Dan Millman cha mwaka 1980. Mmemnukuu muuza petroli mkampigia makofi mwanafalsafa.

Socrates wa Athens hakuacha hata mstari mmoja alioandika kwa mkono wake. Tunayoyajua tumeyapata kwa wanafunzi wake, Plato na Xenophon, na kwa Aristophanes aliyemkejeli jukwaani mwaka 423 KK. Na hao hawakubaliani. Socrates wa Xenophon ni mzee mwema wa nasaha za nyumbani; wa Plato anakukamata kwa swali dogo mpaka unaomba maji. Mliopita madrasa mnalijua jambo hili vizuri kuliko wenzenu: huwezi kuleta hadithi bila kusema nani kaipokea kwa nani. Kwa nini isnadi iishie mlangoni pa madrasa?

Haya, alifanya nini basi? Rafiki yake Chaerephon alikwenda Delphi, kwenye hekalu ambako Wagiriki waliwauliza miungu, kuuliza kama yuko mtu mwenye hekima kumzidi Socrates, akajibiwa hayuko. Socrates hakuvimba kichwa. Alitoka kwenda kuhakiki. Akawahoji wanasiasa, akakuta wanadhani wanajua na hawajui. Akawahoji washairi, wakashindwa kueleza mashairi yao wenyewe. Mafundi walijua ufundi wao kwelikweli, lakini kwa sababu ya ufundi huo wakajiona wajuzi wa kila kitu. (Huyu wa mwisho namsikia redioni kila asubuhi.) Mwaka 399 KK, akiwa na miaka 70, akapelekwa mbele ya raia wapatao 500 waliopangwa kwa bahati nasibu kumhukumu. Shtaka: haiheshimu miungu ya mji na anawaharibu vijana. Kwa maelezo ya Plato, kura 30 tu zingehama, angekuwa huru. Alipotakiwa apendekeze adhabu yake mwenyewe, akasema anastahili kulishwa kwa gharama ya mji kama washindi wa Olimpia. Baadaye akakubali kutozwa faini, rafiki zake wakajitolea kumdhamini, lakini wapi. Akanyweshwa sumu.

Mzee huyo aliyekufa kwa kuuliza, nyinyi mnamtumia kumnyamazisha anayeuliza!

Hapa sasa nitakaa kidogo, mnivumilie, maana ndipo penye jambo langu. Mnadhani ushawishi wa Wagiriki ulienea kwa watu kuwanukuu. Ulienea kwa watu waliowasoma mpaka mwisho kisha wakawapinga. Aristotle aliingia chuoni kwa Plato akiwa na miaka 17, akakaa miaka 20, mpaka mwalimu wake alipofariki. Baadaye, katika kitabu chake cha maadili, anafika mahali pa kuikosoa nadharia kubwa ya Plato, na anaona uzito, kwa kuwa walioileta ni rafiki zake. Anasema wote wawili ni wapenzi, rafiki na ukweli, ila wajibu ni kuutanguliza ukweli. Kisha anaikosoa, hoja baada ya hoja. Miaka 20! Nyinyi mmekaa na Plato dakika ngapi?

Karne nyingi baadaye, huko Bukhara, Asia ya Kati, kijana wa umri wenu aitwaye Ibn Sina alikichukua kitabu cha Aristotle cha metafizikia, elimu ya asili ya vilivyopo. Anasimulia mwenyewe kwamba alikisoma mara 40 mpaka kikamkaa kichwani chote, na bado hakuambulia kitu. Akakata tamaa, akasema kitabu hiki hakieleweki. Siku moja katika soko la vitabu dalali akamshikilia anunue kijitabu kwa dirham tatu, kwa kuwa mwenye kitabu ana shida ya pesa. Kilikuwa cha al-Farabi, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyemtangulia, kinaeleza makusudi ya kile kitabu cha Aristotle. Akarudi nyumbani mbio, akakisoma, mafundo yote yakafunguka, na kesho yake akatoa sadaka nyingi kwa maskini kumshukuru Mungu. Kichwa kama kile, ambacho kitabu chake cha tiba kilikuja kusomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka, hakikuona haya kusema sijaelewa. Kwenye midahalo yenu miaka yote hii, neno hilo sijalisikia kwa mtu hata mmoja.

Na Imamu Ghazali, ambaye jina lake halikauki katika darsa zetu za pwani? Yeye alikuwa mpinzani wa wanafalsafa. Lakini tazameni alivyopinga. Alikuwa anafundisha Baghdad, na wanafunzi 300 juu ya mgongo wake. Akaziiba saa za mapumziko, akavisoma vitabu vyao peke yake kwa karibu miaka miwili, kisha akakaa karibu mwaka mwingine anayazungusha kichwani aliyoyasoma. Aliamini huwezi kuujua ubovu wa elimu yoyote mpaka uifikie daraja ya wajuzi wake wakubwa. Akaandika kitabu cha kueleza madai yao, akayaeleza kwa uadilifu hata kilipofasiriwa kwa Kilatini, wasomi wa Ulaya wakadhani Ghazali ni mfuasi wao! Halafu mwaka 1095 akakamilisha kitabu cha kuwabomoa, masuala 20, moja baada ya jingine. Naye alipokwisha kufa, Ibn Rushd wa Cordoba, Hispania, akasimama kumjibu, akinukuu maneno ya Ghazali kifungu kwa kifungu kabla ya kuyajibu, asije akaambiwa amemsingizia.

Huo ndio mdahalo. Nyinyi mnaanza kumjibu mwenzenu kabla hajameza mate.

Maelezo ya Ibn Rushd juu ya Aristotle yakafika Paris. Thomas Aquinas, mtawa wa Kikatoliki, akayatumia kwa heshima kubwa, mara nyingi akimwita Mfafanuzi tu, kwa kuwa kila msomi alijua ni nani. Na mwaka 1270 huyohuyo Thomas akaandika kitabu kizima kuwapinga waliomfuata Ibn Rushd katika suala la akili ya binadamu. Mgiriki asiye na dini yenu, Mwislamu, Mkristo, wote meza moja, wanagombana kwa adabu kupitia vizazi. Leo kijana akiona tu jina la mwandishi si la dini yake, anafunga kitabu.

Sasa kuna kundi jingine kati yenu, na hawa nawapenda zaidi kwa sababu kiu yao ni ya heshima ya Mwafrika. Mnasema Wagiriki waliiba kila kitu Misri, na kwamba Aristotle aliipora Maktaba ya Alexandria. Watoto wangu, Aristotle alifariki mwaka 322 KK. Maktaba ile ilijengwa na wafalme wa ukoo wa Ptolemy baada ya yeye kuwa kaburini. Mkimpa adui yenu kosa la wazi namna hiyo, na hoja zenu za kweli zitatupwa nalo. Na za kweli zipo, tena nzito. Plato mwenyewe anasimulia kuhani mzee wa Sais, Misri, akimwambia Solon, mtunga sheria wa Athens, kwamba nyinyi Wagiriki ni watoto siku zote. Mwanafalsafa Plotinus, aliyempa Plato maisha mapya, alisoma Alexandria. Augustine, aliyezaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ambayo leo ni Algeria, aliwasoma wafuasi wa Plato, akaikoroga fikra hiyo ndani ya Ukristo wote wa Magharibi. Na hapa jirani, Nairobi, mwanafalsafa Henry Odera Oruka alikwenda vijijini kuwahoji wazee wenye hekima, na wakosoaji walipomwambia kwamba wasioandika hawana falsafa, akawakumbusha kwamba Socrates naye hakuandika. Hiyo ndiyo namna ya kumtumia Mgiriki: mchukueni awe shahidi wenu, mumsimamishe kizimbani mwa wenyewe.

Mengine nayapitia mbiombio, mtayachimba wenyewe. Mnaouza ustoa, ile falsafa ya kale ya kujitawala, mitandaoni kama dawa ya kutokuwa na hisia, mwasomeni wastoa wenyewe: someni mfalme wa Roma Marcus Aurelius mpaka mwisho wa aya: anasema leo nitakutana na wasio na shukrani na wenye kiburi, halafu anasema tumeumbwa kusaidiana kama mikono miwili, nyinyi mnaikata aya katikati. Epictetus alikuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu. Hypatia alifundisha hesabu na falsafa Alexandria mpaka kundi la watu lilipomuua mwaka 415. Epicurus, mnayemfanya mtume wa anasa, hakuhubiri ulafi.

Na msiwaabudu. Katika kitabu chake cha siasa Aristotle anadai wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa. Mwaka 1550, kule Valladolid, Hispania, msomi Sepúlveda aliishika hoja hiyo kuhalalisha vita dhidi ya wenyeji wa Amerika, na mtawa Las Casas akasimama kumkatalia. Sisi wa pwani hii, ambao soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 tu, tuna haki ya kumsoma Aristotle kwa jicho kali. Lakini tumsome. Hatuwezi kumhukumu mtu kwa sentensi tuliyotumiwa na jirani kwenye simu.

Siwatupii lawama peke yenu. Athens ilimnywesha mzee sumu. Vitabu vya falsafa vya Ibn Rushd viliamriwa vichomwe, mwenyewe akafukuzwa Cordoba mwaka 1195. Askofu wa Paris mwaka 1277 alipiga marufuku hoja 219 za falsafa. Na sisi je? Mtoto akiuliza kwa nini, tunamwambia ana mdomo. Mwalimu akiulizwa chanzo, anaona amedharauliwa. Tunawafundisha kukariri majibu ya mtihani, kisha tunashangaa wanakariri Socrates wa bandia. Maktaba ya mtaani kwangu imefungwa na ufunguo haijulikani uko kwa nani, lakini ukumbi wa harusi wa jirani yake haujawahi kukosa taa. Kwenye mikutano yetu ya hadhara anayeuliza swali la bajeti anaambiwa ametumwa. Mlichomfanyia binti yule mmekiona kwa sisi wakubwa.

Kama mtanialika tena, nina sharti moja. Hakuna atakayejibu hoja kabla ya kuieleza upya, na mwenye hoja akubali kwamba, naam, ndivyo nilivyosema. Asiyeweza, akae. Mwone kama midahalo haitachelewa kwisha, na kama hamtaifurahia zaidi.

Na mada iwe hii. Katika utetezi wake, Socrates anawaambia mahakimu kwamba wakimwachia kwa sharti la kuacha falsafa, hatawatii. Wiki chache baadaye yuko gerezani, rafiki yake Crito amekwisha tayarisha mpango wa kumtorosha, naye anakataa kwa sababu raia anapaswa kuzitii sheria za mji wake au kuushawishi mji uzibadili. Je, mtu huyu anajipinga? Vitabu vyote viwili ni vifupi, jioni mbili zinatosha, na pembezoni mwa kurasa za Plato kuna namba: tazameni Apologia 29, kisha Crito kuanzia 50. Upande wa kupinga aongoze yule binti wa viti vya nyuma, kama bado ana hamu na nyinyi.

Ni mimi babu yenu,
Mwalimu mstaafu, Tanga