Barua ya wazi kwa Afisa Ustawi wa Jamii: kopi ya kadi haikui, mtoto anakua

Ndugu Afisa Ustawi wa Jamii wa manispaa yetu,

YAH: KADI ZA KLINIKI KATIKA VITUO VYA KULELEA WATOTO MCHANA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. (Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, na sipendi barua yangu iwekwe kando kwa kukosa adabu kabla haijasomwa.)

Mimi ni mlezi. Nina kituo kidogo pembeni ya Dar es Salaam: vyumba viwili, uwanja wa mchanga, watoto 23. Wengi mama zao ni mama lishe na wauzaji wa madukani, wachache ni watumishi. Kituo kimesajiliwa. Siku tuliyokaguliwa, faili langu la kadi lilikutwa limekamilika, kopi ya kila mtoto ipo, zimepangwa kwa majina, nikasifiwa. Nilifurahi. Naandika leo kwa sababu sifa ile sikuistahili.

Mwaka jana mtoto mmoja wa miaka miwili na nusu aliamka usingizi wa mchana macho mekundu, kamasi zinachuruzika, mwili unachoma. Akili yangu ikaenda kwenye ule ugonjwa wa macho mekundu uliopita jijini mwanzoni mwa 2024. Nikamtenga na wenzake, nikampigia mama yake. Siku ya tatu mama akanipigia yeye: upele umeanza nyuma ya masikio, unashuka usoni. Surua.

Usiku ule nilitoa faili. Kopi yake ilikuwa safi kabisa. BCG ya kifua kikuu, matone ya polio, penta (sindano moja ya kinga ya magonjwa matano) zote tatu, surua-rubela ya miezi 9. Kisanduku cha miezi 18, cha surua-rubela ya pili, kitupu. Na kwa nini kisiwe kitupu? Alipoandikishwa alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Tarehe yake ilikuwa bado. Tulipiga kopi, tukaitoboa, tukaifungia kwenye faili, mtoto akaendelea kukua bila mtu kuifungua tena. Nikapekua zilizobaki, nikakuta watano wengine waliopita umri huo na kisanduku kitupu. Mama wawili walileta kadi halisi, kumbe walishachanjwa. Watatu hawakuwa wamechanjwa.

Wiki mbili hazijaisha, wakafuata wengine wawili. Mmoja alikuwa wa miezi 7, ambaye hata kwa ratiba hakuwa amefikia sindano ya kwanza. Alilazwa. Alirudi, namshukuru Mungu, lakini alirudi mwepesi, nikimbeba nahisi.

Muuguzi wa kliniki yetu alinieleza jambo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kupewa funguo za watoto wa watu. Mgonjwa wa surua anaambukiza tangu siku kama nne kabla upele haujatoka, na virusi vinaweza kubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo lile tangazo letu mlangoni, "mtoto mwenye upele haruhusiwi", kwa surua ni kufunga zizi ng'ombe wameshatoka. Sindano ya miezi 9 nayo inawakinga watoto kama 85 katika kila 100. Ya pili ndiyo inayowafikia wengi wa waliobaki. Mama akishamaliza ile ya miezi 9, ratiba ya sindano inanyamaza miezi 9 mingine. Hapo ndipo mguu wa kwenda kliniki unapokuwa mzito, na hapo ndipo wengi wanapoletwa kwetu.

Ninachoomba ni hiki. Mkija kukagua, msihesabu kopi. Tudaini daftari lenye tarehe ya chanjo inayofuata ya kila mtoto, na mtuulize ilipofika tulifanya nini. Chukueni kadi tatu halisi, mzisome mbele yangu. Nikijua nitaulizwa hivyo, nitasoma zote.

Kuna na hawa wachanga. Likizo ya uzazi ni siku 84, yaani wiki 12. Penta ya tatu ni wiki ya 14. Hata mama aliyeianza likizo siku ya kujifungua anarudi kazini wiki mbili kabla ya sindano hiyo, na kliniki ni asubuhi, siku ya kazi, foleni. Chanjo ni bure, ila siku ya mama lishe si bure. Naomba ofisi yako izungumze na wenzenu wa afya, huduma ya mkoba, yaani wauguzi kuwafuata watoto waliko na chanjo, ipite vituoni hata mara moja kwa miezi mitatu. Kivuli kipo, benchi lipo, na watoto wako pale pale.

Kuhusu usafi sitaki kujificha pia. Kwa miaka mingi watoto wangu walinawa kwenye beseni moja kabla ya uji, wa kwanza maji meupe, wa kumi maji ya kahawia, kisha wote wanafutwa na taulo moja linaloning'inia kwenye msumari. Dada aliyetoka kubadilisha pampasi ndiye aliyeshika mwiko. Sasa tuna vibuyu chirizi viwili: dumu la lita 5, kamba, kijiti cha kukanyaga, sabuni imetundikwa. Watoto wanavipenda mno, wananawa hata wasipotakiwa. Taulo nimelichoma moto. Wa pampasi hagusi jiko siku hiyo.

Kilichonishinda ni homa ya asubuhi. Mtoto anapewa dawa nyumbani alfajiri, anafika amepoa, saa tano anawaka tena. Simlaumu mama, maana asipofungua genge leo hawali. Nimeacha kudai ada ya siku ambayo mtoto mgonjwa amebaki nyumbani, na angalau sasa baadhi wananiambia ukweli getini. Lakini vituo vinavyolipwa kwa siku haviwezi vyote kubeba hasara hiyo kwa hiari. Mkikaa kuandika masharti, tuiteni walezi tuliongee hilo.

Daftari langu nimeshalipiga mistari kwa rula. Wiki ijayo watoto wawili wanatimiza miezi 18, na mama zao nimeshawaambia. Karibu Jumanne saa nne, wakati wa uji, bila kutoa taarifa.

Wako,
Mlezi na mwenye kituo, Dar es Salaam